Barua kwa mwanangu: kwa nini mpiga fidla alisimama kimya

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako ulionitumia baada ya kutoka kusikiliza koncheto ya fidla ya Beethoven (koncheto ni muziki wa mpiga ala mmoja, yaani mpiga solo, akiwa na okestra) nimeusoma. Umeniuliza mambo mawili. Kwa nini yule mpiga solo alisimama dakika tatu nzima bila kupiga chochote huku wenzake wakiendelea? Na kwa nini, sehemu ya kwanza ikikaribia kwisha, okestra yote ilinyamaza ikamwacha peke yake "kama watu waliopotea njia"? Hawakupotea, mwanangu. Zote mbili zimetokana na desturi za zamani, na ukizifuata hizo mbili tu utakuwa umeipitia historia ya koncheto karibu yote.

Tuanze na kiitikio. Wewe umekulia kwenye kwaya, unajua kwamba beti hubadilika na kiitikio hurudi. Hivyo ndivyo Antonio Vivaldi alivyoijenga koncheto. Alikuwa mwalimu wa fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya kulea watoto wa kike walioachwa huko Venice, na mwaka 1711 koncheto zake 12 zilichapishwa Amsterdam zikaenea Ulaya. Kabla yake mtunzi Corelli wa Roma alikuwa akikipambanisha kikundi cha watu watatu, fidla mbili na selo moja (jamaa mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito), na kundi kubwa. Ni muziki mtamu, lakini zamu zao ni fupi, hakuna anayesimama peke yake kwa muda mrefu. Vivaldi ndiye aliyeuzoesha ulimwengu sehemu tatu, haraka, polepole, haraka, na katika zile za haraka akaweka kiitikio cha okestra, Waitaliano hukiita ritornello, kikipishana na beti za mpiga solo.

Tafuta ile ya majira ya kuchipua, ya kwanza kati ya zile nne za majira alizozichapisha 1725, usikilize dakika tatu na nusu za mwanzo. Kiitikio kinaanza, cha furaha, rahisi hata kukiimba. Kisha fidla tatu zinaiga ndege. Kiitikio kinarudi kwa ufupi. Kijito kinatiririka, kiitikio tena, safari hii kimehamia ufunguo mwingine, yaani do yake imehama. Radi inapiga, na kiitikio kinachofuata kinarudi na sauti ya huzuni, kwa sababu kimeangukia ufunguo mdogo (minor). Mwishoni tu ndipo kinatulia nyumbani kilikoanzia. Mpiga solo anasafiri, kiitikio kinakuonyesha mmefika wapi.

Sasa jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui: siku hizo mpiga solo hakusimama bure. Kiitikio kilipofika alipiga pamoja na fidla za kwanza, zamu yake ikija anajitenga, ikiisha anarudi kundini. Baadaye mtunzi Mozart naye aliketi kwenye piano akiongoza okestra na kujazia kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwa mkono wa kushoto. Huku kusimama mikono chini ni mazoea yaliyokuja baadaye.

Mozart ndiye aliyekikuza kiitikio cha mwanzo kikawa hotuba. Kanuni yake haikuandikwa popote lakini ni kali: okestra ionyeshe nyimbo zote, ila isihame ufunguo wa nyumbani. Safari aachiwe mpiga solo. Okestra ikishasafiri, yeye akiingia atakuwa na habari gani mpya? Hata hivyo Mozart mwenyewe aliichezea kanuni hiyo. Katika koncheto ya piano aliyoitunga 1777, inayojulikana kwa namba K. 271, piano inadakia neno mara tu okestra ilipofungua kinywa, kisha inanyamaza tena kama mtoto aliyekemewa.

Hiyo uliyoisikia wewe ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 23 Desemba 1806, na fidla inangoja baa 88 (baa za muziki, vipande vyenye mapigo sawa, si za bia). Ngoma inagonga polepole mara tano, na katika pigo la tano zumari na wenzake wanaingia na wimbo. Yale mapigo ya ngoma yatarudi tena na tena, hata kwenye fidla zenyewe. Solo inapoingia haiuchukui wimbo kwanza, inapanda taratibu kwa oktavu (noti ileile ya chini na ya juu, kama do na do), kama mtu anayejaribu ngazi. Hapo ndipo wengi huteleza. Amesimama dakika tatu, vidole vimepoa, joto la taa limeulegeza uzi mmoja, na noti yake ya kwanza ni oktavu ambayo kasoro ndogo kabisa inasikika hadi mlangoni. Kwa hiyo usishangae ukimwona mpiga solo akigusa nyuzi kimyakimya okestra inaponguruma, au akipiga pamoja nao. Anapima, hachezi.

Sasa ule ukimya wa mwishoni. Unaitwa kadenza. Okestra inasimama kwenye kodi ya nyumbani, lakini besi imeshika so badala ya do, hivyo sikio linabaki likining'inia. Juu ya kodi hiyo pana alama ya kusubiri, na mpiga solo anafanya atakalo kwa kutumia nyimbo zilizokwishasikika. Inafanana na taksim, kipande anachobuni papo hapo mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) kwenye taarab, ila taksim kwa kawaida hufungua mlango na kadenza huja wakati wa kuufunga. Mwaka 1752 Quantz, mpiga filimbi wa mfalme wa Prussia, aliandika kwamba kadenza ya filimbi au ya mwimbaji itoshe pumzi moja tu, wa nyuzi ndio wanaoweza kurefusha. Ushauri huo ulisahaulika haraka.

Mlango wa kutokea ni trili, noti mbili jirani zikipishana upesi, mara nyingi kwenye re. Mwongozaji akiisikia anainua mkono, trili inashuka kwenye do, na okestra inaingia. Trili ikiwa fupi mno, nusu ya okestra inachelewa. Mpiga solo akiweka trili za uongo katikati, na wapo wapendao utani huo, kuna atakayeinua upinde kabla ya wakati. Lakini katika hii ya Beethoven hakuna kishindo. Baada ya kadenza fidla inaimba ule wimbo wa pili, polepole, kwenye nyuzi mbili nene, na wengine wanadonoa tu kwa vidole. Kwangu hapo ndipo kilele chake, si kwenye kadenza.

Uhuru huo haukudumu. Beethoven aliposhindwa kupiga hadharani kwa sababu ya uziwi, koncheto yake ya tano ya piano aliiandikia amri: hapa isipigwe kadenza, endelea moja kwa moja. Hakutaka mtu mwingine amjazie pengo. Mtunzi Mendelssohn akaenda mbali zaidi. Koncheto yake ya fidla, iliyopigwa Leipzig 1845, inamwingiza mpiga solo katika baa ya pili, na kadenza ameiandika mwenyewe noti kwa noti akaihamishia katikati, kabla ya wimbo mkuu kurudi. Wimbo unaporudi uko kwa okestra, na fidla bado inarusha upinde juu ya nyuzi nne, imegeuka kuwa msindikizaji. Zamu zimebadilishana bila mshono. Mtunzi Brahms bado alimwachia mpiga fidla Joachim kadenza mwaka 1879, lakini hapo desturi ilikuwa inazeeka.

Beethoven hakuiandikia fidla kadenza hapo ulipoachwa ukishangaa. Aliiandika pale alipoigeuza koncheto hiyohiyo kuwa ya piano, na humo akaiita ngoma ije isindikize. Wapiga fidla wengi hutumia ile ya mpiga fidla Kreisler, ambayo mwishoni inazisuka nyimbo mbili kwa pamoja kwenye fidla moja. Wachache huihamishia kwenye fidla ile ya piano pamoja na ngoma yake. Kwa hiyo niandikie: mwenzetu alipoachwa peke yake, ulisikia ngoma au hukusikia?

Mama yako