Majina ya Watoto Darasani

Swali: Ninafundisha darasa la nne mtaani Pangani, Nairobi, ambako Waislamu, Wakristo na Masingasinga huketi dawati moja. Nitafundishaje sherehe za kuzaliwa na kupewa jina bila kuonekana ninahubiri?

Jibu: Mwalimu mpendwa, anza na majina yaliyomo katika rejista yako, kwa sababu Otieno, jina la Mjaluo aliyezaliwa usiku, na kifungua mimba wa Kikuyu aliyerithi jina la babu mzaa baba, wamelibeba somo hilo tayari. Kisha simulia matendo yenyewe kwa utulivu: mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni, na siku ya 7 hufanyiwa akika (huchinjiwa mnyama) na kunyolewa nywele, ambazo uzito wake hutolewa sadaka kwa fedha, Masingasinga hufungua Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, bila kuchagua ukurasa, na herufi ya kwanza ya utenzi uliotokea ndiyo huanza jina la mtoto. (Hapo watoto huinua shingo, nimewaona.) Wakatoliki hubatiza wachanga, ilhali makanisa mengi ya Kipentekoste humweka mtoto wakfu na kungoja akue ndipo abatizwe. Sema “Waislamu huamini”, usiseme “tunaamini”, wala usimlazimishe yeyote kueleza ya kwao, kwani wapo wasiowahi kusimuliwa jina lao lilitoka wapi.