Re: Nataka kazi ya kuokoa pomboo na nyangumi, lazima niwe daktari wa wanyama?

Si lazima ndugu. Ukitaka kuchoma sindano na kupasua hapo udaktari wa wanyama haukwepeki, lakini utafiti unaingia hata kwa bailojia, na kusema kweli takwimu ndo watu wengi wanaikimbia halafu baadae inawakwamisha, so ianze mapema.

Ila usingoje digrii ndo uanze kujitolea. The Marine Mammal Center, kituo cha kuokoa na kutibu mamalia wa baharini kule California, ipo tangu 1975 na mpaka leo kazi kubwa inabebwa na watu wa kujitolea. Mwanzoni ni kuosha ndoo, kukata samaki, kusugua mabwawa, harufu unarudi nayo nyumbani, lakini ndo hapo unajifunza kumsoma mnyama. Mfano pomboo akikwama ufukweni watu kwa huruma wanammwagia maji kichwani, kumbe anavuta hewa kwa lile tundu la juu ya kichwa, maji yakiingia humo unaweza kummaliza kabisa! Mweke kifudifudi, mfunike kitambaa kilicholowa, tundu liachwe wazi, mapezi usiyavute, na usimsukume baharini mwenyewe, piga simu wataalamu waje.

Na jiandae moyoni, wengine hawaponi. Inauma sana, ila hata akifa kazi inaendelea, anapasuliwa, tumbo linakaguliwa kama kuna plastiki au vipande vya nyavu, na hayo ndo yanasaidia kujua wenzake wanakufa na nini.

We saivi unasoma nini, na kuogelea unaweza?