Kupunguza uzito baada ya uzazi kwa tiba ya jadi ya Kikorea
Dada, umeuliza iwapo unaweza kuanza dawa ya mitishamba ya Kikorea ya kupunguza uzito ilhali mtoto ana wiki 3 na ananyonya. Kwa mtazamo wa tiba hiyo yenyewe, bado ni mapema. Siku 21 za mwanzo, ambazo Wakorea huziita samchilil, ni za mzazi kupumzika, kukaa penye joto na kunywa supu ya mwani, miyeokguk. Tabibu hushughulikia kwanza damu iliyotuama tumboni, kisha hurudisha nguvu zilizopotea, na suala la uzito huja mwisho, kwa kuwa mwili uliodhoofu huaminika kuingiwa na baridi na kuumwa viungo, hali iitwayo sanhupung. (Bibi zetu waliotulaza arobaini wasingebisha.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mahwang, mmea unaotiwa mara kwa mara katika dawa za kupunguza uzito huko Korea Kusini. Una efedrini, ambayo hukata hamu ya kula lakini huufanya moyo uende mbio, hupandisha presha na hupita kwenye maziwa, mtoto akawa analialia na kukosa usingizi. Maadamu unanyonyesha, usiitumie, na muulize tabibu waziwazi kama imo kwenye mchanganyiko. Supu ya mwani nayo ina iodini nyingi, hivyo usiinywe kila mlo kwa wiki nyingi, hasa ukiwa na tatizo la tezi ya shingo. Daktari akikuruhusu baada ya wiki 6, kutembea na kupungua takriban nusu kilo kwa wiki kunatosha.