Kabla Hujaifungua Difu: Yaliyonipata kwa Pikipiki ya Shafti Iliyokuwa Ikilia

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba pikipiki yake ya shafti (ile ambayo gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mhimili badala ya mnyororo), ya miaka ya 1980, imeanza kulia upande wa nyuma, na kwamba fundi amekwisha kumwambia anunue difu nyingine, yaani lile kasha la gia lililo kwenye gurudumu la nyuma. Alitaka kujua jambo moja tu: anunue iliyotumika au asubiri mpya? Ujumbe huo ulinitonesha kidonda, kwa maana miaka michache iliyopita nilikuwa na pikipiki ya rika hilohilo, yenye mlio uleule, na jibu hilohilo la difu nilijipa mwenyewe bila kumwuliza mtu yeyote.

Mlio wangu ulianza kama ngurumo ya chini iliyosikika kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Niliiweka pikipiki kwenye stendi ya kati, nikawasha injini, nikaingiza gia, na gurudumu likawa linazunguka hewani. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaiegemeza ncha yake kwenye kasha la difu na mpini wake sikioni, jambo ambalo leo simshauri mtu alifanye karibu na gurudumu linalozunguka. Ngurumo niliisikia waziwazi, na nikajiona fundi hodari. Nilimwaga oili, nikaifungua difu, nikabadilisha beringi na sili zote, kisha nikapanga upya shimu, vibati vyembamba vinavyoweka nafasi kati ya kraunwili (gia kubwa inayozungusha gurudumu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha hiyo kubwa). Kazi hiyo ilinimalizia wikendi tatu ambazo sitawachosha kwazo. Siku ya majaribio ngurumo ilinisubiri palepale kwenye kilomita 60, kana kwamba sikugusa hata nati moja.

Rafiki niliyemwonyesha kazi yangu alicheka, akaniambia pikipiki imezeeka na niiuze. Sijakisahau kicheko kile. Hata hivyo, kilinilazimisha kukaa chini na kufikiri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kushika spana.

Nilikuwa nimedanganyika mara mbili. Kwanza, katika pikipiki nyingi za aina hii mkono wa nyuma ni bomba ambalo shafti hupita ndani yake, nalo husafirisha sauti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hivyo kinachosikika kwenye difu huenda kimezaliwa nyuma ya giaboksi. Pili, pikipiki ikiwa juu ya stendi, gurudumu huning'inia na ile krosi, yaani kiungo cha msalaba cha shafti, hujikunja kuliko inavyojikunja barabarani. Katika hali hiyo hata krosi nzima inaweza kupiga kelele, na mtu asiyelijua hilo hawezi kutofautisha kelele ya kawaida na ya ubovu.

Ndipo nilipoacha kuuliza mlio unatoka wapi, nikaanza kuuliza unafuata nini. Katika barabara iliyonyooka na tupu nilienda kilomita 70 kwa gia ya nne, kisha kwa mwendo huohuo nikapanda ya tano. Injini ilipunguza mizunguko, lakini sauti haikubadilika. Nikabana klachi, injini ikashuka hadi mzunguko wake wa chini kabisa, na ngurumo ikaendelea kama kawaida. Kwa majaribio hayo mawili yasiyohitaji chombo chochote, injini na klachi zilitoka kwenye orodha ya washukiwa, na vilivyobaki vilikuwa vile vinavyozunguka pamoja na gurudumu: mhimili wa kutokea wa giaboksi, shafti, difu, na beringi za gurudumu lenyewe.

Nilijaribu pia kuvuta na kuachia moto, yaani kuongeza mafuta na kuyapunguza. Kelele ya meno ya kraunwili na pinioni mara nyingi hubadilika sana unapoachia moto, kwa kuwa meno huhamia upande wake wa pili. Beringi iliyochoka hujali mzigo kidogo tu. Yangu ilipungua nilipoachia, lakini haikuisha, na jibu la namna hiyo halimpi mtu haki ya kununua kifaa chochote.

Hesabu ndiyo iliyoniokoa. Gurudumu la nyuma la pikipiki kama hizi lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 60 kwa saa huzunguka takribani mara 8 kwa sekunde. Difu yangu ina uwiano unaokaribia 3 kwa 1, maana yake shafti huzunguka kama mara 25, na krosi, ambayo katika kila mzunguko huongeza na kupunguza kasi mara mbili, hutikisa mara 50. Nilizima injini, nikaweka nyutro, nikapiga alama ya chaki kwenye tairi na kulizungusha gurudumu kwa mkono polepole. Kasoro ya gurudumu au kraunwili ingejitokeza mara moja kwa mzunguko, ya pinioni mara tatu. Nilihesabu mikwamo sita, yaani miwili kwa kila mzunguko wa shafti: hesabu ileile ya krosi. Ule mkunjo wa stendi ulionidanganya injini ikiwaka sasa ulinisaidia, kwa sababu krosi mbovu ikikunjwa sana hukwama waziwazi.

Nilipoitoa shafti na kuikunja krosi ya mbele kwa mkono, ilinasa katikati kama bawaba yenye kutu. Ndani ya kikombe kimoja, vijiti vya beringi vilikuwa vimegeuka vumbi jekundu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinunue difu kwa sababu ya neno la mtu, hata akiwa fundi, na hata mtu huyo akiwa wewe mwenyewe. Mwaga oili ya difu kwanza: tope laini la kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni la kawaida, vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Halafu uulize mlio unafuata nini, na ukipata jibu, uliza tena. Watu wenye haraka wamenunua difu nyingi kuliko difu zilizokufa. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa hao wenye haraka, ingawa yangu niliifungua tu.

Shafti niliyoiweka badala ya ile mbovu ina raba ya kupunguza mishtuko katikati yake, na raba ya namna hiyo ikiteleza, krosi mbili hupotezana mpangilio na mtetemo huanza upya. Kwa hiyo nilichora mstari mweupe unaovuka raba hiyo, na kila ninapoitoa difu ili kupaka grisi kwenye splaini, yale meno yanayounganisha shafti na difu, huangalia kama mstari umevunjika. Bado umenyooka. Difu niliyoifungua bure nayo inafanya kazi vizuri, isipokuwa sili moja niliyoiweka vibaya hudondosha tone la oili kila baada ya safari ndefu, na kabla sijaigusa haikuwa ikivuja.