Maswali na majibu: nimepata 121 kwenye sehemu ya kusoma ya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari Marekani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikaja Minnesota kwa mama. Nina kadi ya kijani, niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma biolojia. Siku tatu kwa wiki nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kama msaidizi wa wauguzi. Nimejiandikisha kufanya MCAT Januari ili Juni niombe vyuo vya udaktari. Wiki iliyopita nilifanya jaribio zima nikapata 498: kemia na fizikia 125, CARS (ile ya kusoma) 121, biolojia 126, saikolojia na sosiolojia 126. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, baada ya Kisambaa na Kiswahili. Je, nikariri msamiati? Nisogeze tarehe? Na hii kazi ya usiku inahesabika kwenye maombi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la Kiingereza, maana naona ndilo linalokunyima raha, na kwa maoni yangu umemkamata asiyehusika.

Tazama maksi zako. Vifungu vya biolojia kwenye MCAT vimeandikwa kwa Kiingereza kizito, vimejaa majedwali na maelezo ya maabara, na humo umepata 126. Mtu aliyeshindwa na lugha asingefika hapo. Kila sehemu huanzia 118 hadi 132, katikati yake ni 125. Sehemu tatu uko katikati au umepita kidogo, moja tu ndiyo umeteleza. Kilichobadilika ni kile unachotakiwa kukifanya. Kwenye biolojia unatafuta taarifa. Kwenye CARS unaulizwa mwandishi amesimama wapi.

Na hilo ulishafundishwa. Kumbuka kipindi cha Kiswahili, mwalimu akiandika ubaoni: dhamira, ujumbe, msimamo, mtazamo, falsafa. Ulihakiki tamthiliya na mashairi, ukaandika "msimamo wa mwandishi ni…" na kutoa ushahidi kutoka kitabuni. CARS ni uhakiki uleule, ila badala ya tamthiliya unapewa makala fupi za historia, sanaa, falsafa, siasa. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90: kama dakika kumi kwa kila kifungu pamoja na maswali yake. Huhitaji kujua chochote kilicho nje ya kifungu.

Chukulia kifungu kina maneno haya: "Wapo wanaodai kwamba kuiweka ngoma ya kale ndani ya kabati la kioo ni kuiua. Wana haki ya kulalamika. Lakini ngoma isiyohifadhiwa popote huliwa na mchwa, na mchwa ni katili kuliko kioo." Unaulizwa mwandishi angekubaliana na kauli ipi. Jibu la mtego litasema makumbusho huua sanaa. Maneno hayo utayaona kwa macho yako kwenye kifungu, lakini ni ya hao "wanaodai", si yake. Jibu jingine litasema malalamiko hayo hayana msingi. Hilo limevuka mpaka, kwani amekiri wana haki. Lililo sahihi litasema kwamba makumbusho yana hasara yake, ila ni afadhali kuliko ngoma kupotea kabisa. Kwa hiyo kila aya jiulize: hii ni sauti ya nani? Na ukikuta "lakini" au "hata hivyo", punguza mwendo, hapo ndipo mwandishi hugeuka.

Kabla ya kujitibu, jipime. Chukua vifungu vitano vipya, uvifanye bila saa. Ukipata maswali mengi, tatizo lako ni kasi, na kasi huja kwa kufanya vifungu viwili vitatu kila siku, saa ikiwa mezani. Ukikosa vilevile, tatizo ni namna unavyosoma, na kuharakisha kutakuumiza zaidi. Hapo fungua daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika kwa nini jibu lile lilikuvutia, kisha andika msimamo wa mwandishi kwa sentensi moja ya Kiswahili. Nasisitiza Kiswahili. Kwa Kiingereza unaweza kunakili maneno ya kifungu ukajidanganya kwamba umeelewa; kwa Kiswahili huwezi. Mimi nilifanya hivyo miezi mitatu, na ndilo lililonivusha kuliko pepa zote nilizofanya. Kukariri msamiati achana nako.

Kwa kemia na fizikia nina neno moja tu: kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo zoea kukadiria. Ukolezi wa ioni za hidrojeni ukiwa 3 × 10⁻⁵, logi ya 3 ni karibu 0.5, basi pH ni 5 kutoa 0.5, yaani 4.5. Majibu manne huwa yameachana vya kutosha.

Sasa tarehe. Isogeze. Vyuo vitaona kila maksi utakayopata, hakuna ya kuficha, na unaruhusiwa kufanya mara tatu tu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili, mara saba maishani. Kubadilisha tarehe mapema ni nafuu kuliko kuchelewa, na zikibaki chini ya siku kumi haibadilishiki tena. Majibu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo hata ukifanya Aprili au mwanzoni mwa Mei hujachelewa. Maombi ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya udaktari, hufunguliwa Mei na huanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Juni. Unaweza kuyatuma kabla maksi hazijatoka, na ni vizuri kuwahi, kwa sababu kuhakikiwa matokeo yako ya chuo huchukua wiki kadhaa, na vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia.

Lakini sikufichi: wanaoingia vyuo vya MD, yaani vya shahada ya kawaida ya udaktari, miaka ya karibuni wana wastani wa karibu 511 hadi 512. Vyuo vya DO, yaani vya udaktari wa osteopathia, huchukua maksi za chini kidogo, na daktari wa DO hupata leseni kamili katika majimbo yote ya Marekani. Kama majaribio rasmi matatu mfululizo hayajakufikisha unapopataka, subiri mwaka mmoja. Pia omba sasa hivi msamaha wa ada wa AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari unaoendesha MCAT; msamaha huo unaitwa Fee Assistance Program. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba. Hela uliyokwisha kulipa haitarudi, ila ada ya maombi ya AMCAS ni mzigo mkubwa zaidi.

Kazi yako ya usiku inahesabika, tena sana. Utapewa nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700, na tatu utakazozichagua kuwa muhimu zaidi huongezewa 1,325. Hii iwe mojawapo. Usiandike kwamba ulijifunza huruma. Andika ulichofanya saa tisa usiku mgonjwa alipokataa kugeuzwa kitandani: ulimwambia nini, ulisubiri kiasi gani, ulimwita nani. Jina lake na chochote cha kumtambulisha kiache nje.

Umeniambia maksi, hukuniambia jaribio ulilifanya lini. MCAT huanza saa mbili asubuhi na hukuweka pale kwa muda wa karibu saa saba na nusu. Kama ile 498 uliipata ukiwa umetoka zamu, tuseme hatujui bado maksi yako ni ngapi. Omba siku mbili za mapumziko, lala, ulifanye jingine kuanzia saa mbili asubuhi, kisha niandikie tena.