Ningemweka Mary Ann Shadd, pamoja na ugomvi wake

Swali lenu la wiki hii linasema: ukipewa kurasa mbili katika kitabu cha historia cha sekondari, ungemwandika nani ambaye hayumo? Ningemwandika Mary Ann Shadd Cary, Mmarekani mweusi, mwalimu, mhariri na mpinzani wa utumwa, aliyezaliwa Wilmington, jimbo la Delaware, tarehe 9 Oktoba 1823.

Nafundisha historia. Tukifika kwenye mada ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, wanafunzi wangu wanaijua mikataba kwa moyo: Moresby 1822, Hamerton 1845, kisha kufungwa kwa soko la Zanzibar 1873. Sababu za kiuchumi za Waingereza wanazimwaga bila kukosea. Ukiwauliza watu weusi wenyewe walifanya nini, darasa zima kimya. Siwalaumu watoto, maana mada yenyewe imepangwa hivyo: anayesaini ni ofisa, anayekombolewa hana jina. Hamerton, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa akipatana na Sultani Seyyid Said, Mary Ann hajatimiza miaka 22, na tayari alikuwa na miaka kadhaa darasani kama mwalimu.

Alikuwa kifungua mimba katika watoto 13. Baba yake, Abraham Shadd, alikuwa fundi viatu, mtu huru, na nyumba yake ilikuwa kituo cha kuwaficha watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini. Delaware lilikuwa jimbo la utumwa, na mtoto mweusi kupata shule ilikuwa shida tupu. Mwaka 1833 familia ikahamia West Chester, Pennsylvania, ambako Mary Ann alisomeshwa na Wakristo wa kundi la Quaker. Akiwa na miaka 16 akaanza kufundisha watoto weusi, na kwa miaka kama kumi na miwili akazunguka kutoka mji hadi mji akiendesha shule zao.

Mwaka 1849 alimwandikia barua Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa kupinga utumwa, ambaye aliichapisha gazetini kwake. Ndani yake binti huyo wa miaka 25 aliwaambia wakubwa wa harakati kwamba mikutano imekuwa mingi, maazimio yamerundikana, na hatua zilizopigwa hazionekani: tufanye zaidi, tuongee kidogo. Aliwataka pia watu wasiidharau kazi ya shamba. Wakati huo hakuwa na cheo chochote cha kumkinga.

Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha Sheria ya Watumwa Watoro. Hapa ningewasimamisha wanafunzi kidogo. Chini ya sheria hiyo, mtu mweusi aliyekamatwa kama mtoro katika jimbo huru, yaani lisiloruhusu utumwa, alipelekwa mbele ya kamishna, na hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea. Kamishna akiamua arudishwe utumwani, alilipwa dola 10. Akiamua aachiwe, alilipwa dola 5. Mwanafunzi yeyote ataelewa sheria ile ilitaka nini kwa kutazama tofauti ya dola hizo 5. Hata waliozaliwa huru hawakuwa salama tena, na maelfu walivuka mpaka kuingia Kanada.

Shadd alivuka mwaka 1851 akafika Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Akafungua shule katika kambi ya zamani ya jeshi iliyokuwa imejaa wakimbizi. Mchana alifundisha watoto, usiku watu wazima, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wameshika kitabu, maana katika majimbo kadhaa ya utumwa kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa. Alitangaza pia kwamba mlango uko wazi kwa mtoto wa rangi yoyote. Sheria ya elimu ya huko, ya mwaka 1850, iliruhusu shule za weusi peke yao, na viongozi kadhaa weusi waliona ni nafuu wazichukue. Yeye alikataa kabisa. Aliona kwamba mtu aliyekimbia ubaguzi hawezi kuanza maisha mapya kwa kujijengea ua ule ule.

Mpinzani wake mkubwa katika hili alikuwa Henry Bibb, mtumwa mtoro aliyeheshimika sana, mwenye gazeti lake. Bibb aliunga mkono chama kilichonunua ardhi ili kiwauzie wakimbizi kwa masharti nafuu, na mawakala wa chama walizunguka Marekani kukusanya fedha na nguo kwa ajili ya maskini wa Kanada. Shadd alihoji hesabu: kiasi gani kinabaki mikononi mwa wakusanyaji, na kwa nini ulimwengu uonyeshwe watu wenye njaa na matambara wakati hapa kuna wakulima, maseremala na mafundi wanaolipwa? Kumwonyesha mtu huru kama ombaomba, kwake, kulikuwa kuwapa wenye watumwa hoja waliyokuwa wakiitafuta, kwamba mweusi hawezi kujisimamia. Mwaka 1852 alichapa kijitabu cha kurasa 44 kikieleza udongo wa Kanada, hali ya hewa, bei ya ardhi na mbao, mazao yanayostawi, kazi na ujira. Nakipenda kwa sababu kinamheshimu msomaji: kinampa taarifa za kumwezesha kuamua mwenyewe kama afunge safari au abaki.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa akipokea msaada mdogo kutoka chama cha wamisionari cha Marekani, na jambo hilo hakuwaambia wazazi wa wanafunzi, kwa kuhofia kwamba wakijua wataacha kulipa ile ada ndogo. Bibb akaliweka gazetini. Hapa simtetei. Aliyekuwa akidai hesabu za wenzake alipaswa kuweka zake mezani, na nadhani aibu ile ilimuuma kwa haki. Hata hivyo hoja yake juu ya michango haikuanguka kwa sababu hiyo. Mwaka 1853 wamisionari walikata msaada wakitaja msimamo wake wa dini, na shule ikafungwa.

Tarehe 24 Machi 1853 toleo la kwanza la gazeti lake, The Provincial Freeman, lilitoka Windsor. Mhariri aliyetajwa alikuwa Samuel Ringgold Ward, mhubiri maarufu, kwa kuwa gazeti la mwanamke lisingenunuliwa. Kazi ilikuwa ya Shadd, na jina lake lilijitokeza kama M. A. Shadd tu. Wasomaji wakamwandikia kama bwana, mpaka akalazimika kuwasahihisha gazetini. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza Amerika Kaskazini kuhariri na kuchapisha gazeti. Lilibeba kaulimbiu kwamba kujitegemea ndiyo njia ya kweli ya uhuru, likahamia Toronto mwaka 1854, kisha Chatham mwaka 1855, likikata na kurudi kila fedha ilipokwisha. Yeye alisafiri miji ya Marekani kutafuta wanunuzi, katika nchi ambako sheria ya kamishna wa dola 10 ilikuwa bado inafanya kazi.

Mwaka 1855 alihudhuria mkutano wa kitaifa wa weusi huko Philadelphia. Wajumbe walibishana kama mwanamke akubaliwe, wakapiga kura, akapita. Aliposimama kutetea uhamiaji wa Kanada, muda wake ulipokwisha wakamwongezea. Mwaka 1856 aliolewa na Thomas Cary, kinyozi wa Toronto, wakapata watoto wawili, na mwaka 1860 mume akafariki. Osborne Anderson, mchapaji wa gazeti lake, alikwenda na John Brown, mzungu mpinzani wa utumwa, kwenye shambulio la ghala la silaha la serikali huko Harper's Ferry mwaka 1859 akarudi hai, na Shadd ndiye aliyemsaidia kuyaandaa masimulizi yake yakachapwa mwaka 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, alirudi Marekani kuandikisha askari weusi katika jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya utumwa ya Kusini. Baadaye akafundisha Washington, akadai haki ya wanawake kupiga kura, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Howard na kupata shahada mwaka 1883, akiwa na miaka 59. Alifariki mwaka 1893.

Mhariri wa kitabu akinikubalia, nina ombi moja: asimtupe kwenye kisanduku cha wanawake mashuhuri pembeni mwa ukurasa. Awekwe ndani ya mada yenyewe ya kukomesha utumwa, na ugomvi wake na Bibb uelezwe bila kufichwa kitu, ukiwemo ule msaada aliouficha. Kisha wanafunzi wapewe swali ambalo wawili hao hawakukubaliana: mtu aliyetoka utumwani akipewa shule ya peke yake leo, au asubiri shule ya wote ambayo huenda isije, achukue ipi? Ningewapa kipindi kizima wabishane, na insha wakaandike nyumbani.