Wimbo uleule, ujumbe mwingine
Ndugu, umeuliza kama mwanamuziki anayepiga wimbo unaojulikana bila kuongeza neno lolote anaweza kuhesabiwa kuwa anapinga vita. Ndiyo, anaweza. Mwezi wa Agosti 1969, kwenye tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga wimbo wa taifa lake kwa gitaa bila kuimba, akaufanya ulie kama mabomu yanayoanguka, na katikati akaingiza mlio wa tarumbeta wa mazishi ya wanajeshi, wakati vita vya Vietnam vikiendelea kuua. Sisi wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, tunaielewa njia hiyo upesi, kwa sababu wimbo uliokaririwa na wote hauhitaji maelezo, ingawa wenye bunduki huweza kumwadhibu mwanamuziki hata asipotamka neno.